Mashapo ni ya Nani?

Wenzangu wa kaunta, nimestaafu mwezi uliopita na tayari nasikia mmeanza kuosha glasi zangu pamoja na sahani za nyama choma. Habari hiyo imenifikia hapa nyumbani Mtoni kabla sijazoea hata kukaa sebuleni mchana. Nilikusudia kupumzika kwanza, lakini mtu aliyerudi kutoka Ubelgiji na diploma yake mkononi hawezi kupumzika wakati povu linakufa huko baani Sinza. Kwa hiyo naandika. Someni mkiwa mmekausha mikono.

Mishahara sitaigusa. Vyeo navyo sitavigusa, kwa sababu baa yetu ilikuwa na vyeo viwili tu: Mama Happy mwenye baa, na sisi wengine wote. Nitawaeleza kazi.

Siku yangu ya kwanza nilifika pale nikiwa kijana mwembamba mwenye shati jeupe la kuazima. Baa ilikuwa ya makuti wakati huo, na viti vyake vya chuma viliwaacha wateja na mistari mgongoni hadi kesho yake. Aliyenipokea ni Da Tausi, mhudumu mkuu, mwanamke mfupi aliyevaa opena shingoni kwa kamba ya kiatu kama wengine wanavyovaa mkufu.

"Nionyeshe mikono," akasema.

Nikamwonyesha.

"Hii haijafungua kitu tangu izaliwe. Simama hapo uangalie."

Nikaangalia. Alichukua bia mbili zikiwa zimefungwa, akazipeleka mezani, akawaonyesha wateja, akazifungua mbele ya macho yao, akafuta midomo ya chupa kwa karatasi, kisha akarudisha kila kizibo juu ya chupa yake kama kofia ili nzi wasitangulie. Chupa tupu alizozikuta mezani aliziacha pale pale, ili mteja ajihesabie mwenyewe. Aliporudi kaunta akaniambia neno ambalo sijalisahau: "Mdogo wangu, mteja wa Dar hanywi bia. Anakunywa bia aliyoiona ikifunguliwa."

Nililishika vizuri sana. Baadaye nililisahau kidogo kwa sababu za kitaaluma, kama mtakavyoona.

Ubelgiji nilifika kwa njia ambazo hazihusiani na somo letu. Nilianza kwa kuosha glasi kwenye baa moja kongwe, katika mji mdogo ambao hata wenyewe hutamka jina lake kama wanaokohoa. Mkuu wa stoo ya chini ya ardhi, mahali bia zinapolala, alikuwa mzee mmoja aliyeitwa Joris, mwenye masharubu yasiyokauka povu. Yeye alisema kwa lugha yake, mie nikamjibu kwa Kiswahili, na tulielewana vizuri zaidi wakati ule kuliko nilipokuja kujifunza lugha yake.

Mzee Joris ndiye aliyenikutanisha na bia nyeusi kali. Msiichukulie kama bia mnazozijua. Nguvu yake ni kama mara mbili ya bia ya kawaida. Rangi yake ni ya kahawa ya kijiweni, lakini ukiinua glasi kwenye mwanga unaona wekundu umejificha ndani. Inaendelea kuchachuka ikiwa ndani ya chupa, kwa hiyo chini kabisa hutulia mashapo ya hamira, kimo cha kidole kimoja kikilazwa. Inanywewa kwenye glasi ya mguu yenye tumbo pana, iliyosuuzwa kwa maji baridi muda huo huo. Unamimina taratibu ukiwa umeinamisha glasi, unaiinua mwishoni ili povu lipande, na unaacha kile kidole cha mwisho kibaki ndani ya chupa. Mzee Joris alinipiga mkono kwa kitambaa kila nilipokaribia kukimwaga.

Nilisoma shule ya jioni, nikafanya mtihani wa kuonja nikiwa nimefungwa macho. Wenzangu wote walisema bia ile ina harufu ya zabibu kavu. Mie nikasema tende, sukari guru, na kwa mbali karafuu. Mtahini akasema jibu lake ni zabibu. Nikamuuliza, "Umewahi kula tende ya kufuturia?" Akakiri hajawahi. Nikamwambia, "Basi andika tende." Akaandika. Sijui kama yupo Mtanzania mwingine aliyewahi kurekebisha majibu ya mtihani wa bia kule Ulaya. Kama yupo, na ajitokeze.

Nilirudi na mvi za mwanzo, diploma kwenye fremu, na glasi za mguu nilizozifunga moja moja ndani ya soksi. Marehemu mama yangu alitundika ile diploma sebuleni kabla sijavua viatu, na akawatangazia majirani kwamba mwanawe ni mtaalamu wa vinywaji. Hakufafanua vinywaji gani. Wiki nzima watu wa Mtoni waliniletea juisi ya ukwaju niipime. Niliipima. Mmoja nilimwambia ukweli kwamba yake inaanza vizuri lakini katikati hakuna mtu, na hakunisalimia hadi Idi.

Mama Happy alinipokea kwa furaha, kwa masharti. Baa ilikuwa imeshaezekwa bati na mtaa ulikuwa umejaa baa nyingine zenye muziki mkubwa kuliko wetu. Alitaka kitu ambacho jirani hana. Nilimpa wazo la bia nyeusi, akaagiza katoni kwa waingizaji, na fundi akanitengenezea kabati la kioo na alumini kwa ajili ya glasi zangu, pale karibu na mlango ambapo kila anayeingia alilazimika kuliona. Kuanzia siku hiyo hakuna aliyeniita jina langu. Nikawa Diploma. Wengine walidhani wananitania.

Sasa nije kwa Afande Komba, maana bila yeye nisingekuwa na cha kuandika.

Afande Komba alikuwa askari magereza mstaafu, mkazi wa Segerea. Kila Jumamosi baada ya chakula cha mchana alikuja Sinza kukutana na wastaafu wenzake kwenye meza moja chini ya feni lililozunguka linapojisikia. Alikunywa bia ya moto. Kwa msomaji wa mbali, bia ya moto haijachemshwa. Ni ile ambayo haijaingia kwenye friji. Afande alikunywa ya moto, basi meza nzima ikanywa ya moto. Siku aliyoagiza utumbo, jiko liliishiwa utumbo. Meza za jirani zilimtazama kwanza ndipo zikaita mhudumu.

Mama Happy akaniweka wazi. "Diploma, ukimpata Afande umepata baa nzima. Ukimkosa, kabati hilo namwachia Muddy aweke chipsi, na wewe utafute baa nyingine yenye ukuta wa kutundikia cheti."

Muddy ndiye aliyekaanga chipsi pale nje. Hakuwa mtu mbaya, lakini siku hiyo hiyo alikuja na futi akalipima kabati langu urefu na kina huku akipiga mluzi.

Jumamosi ya kwanza nilifanya kama nilivyofundishwa Ubelgiji. Nilifungua chupa kaunta, nikasuuza glasi, nikamimina, povu likapanda vidole viwili, zuri, la rangi ya maziwa ya chai. Nikaibeba glasi kwenye sinia hadi mezani.

"Shikamoo, Afande."

"Marahaba. Nini hiki?"

"Bia nyeusi ya Ubelgiji. Ina harufu ya tende, sukari guru na..."

"Sikukuuliza harufu. Chupa yake iko wapi?"

"Ipo kaunta, Afande."

"Inafanya nini huko?"

Afande akaisukuma glasi mbele kwa kidole kimoja.

"Kijana, umefungua bia sijaiona, umemimina sijakuona, umeniletea kwenye kikombe cha komunyo. Mie nimekagua watu maisha yangu yote. Anayeficha kitu huanza kwa kutabasamu. Na wewe unatabasamu."

Nikaacha kutabasamu.

"Mmeona? Kaacha," akawaambia wenzake. "Na hili povu ni la kunywa au la kunyolea ndevu?"

Meza ikacheka. Meza za jirani zikacheka. Nilirudi na glasi kaunta, na Da Tausi hakuniangalia, alikuwa anafuta opena yake. "Umesoma mpaka ukasahau chupa inafunguliwa wapi," akasema. Nikamjibu kwamba nilikuwa najaribu mbinu mpya na matokeo yameshapatikana.

Jumamosi iliyofuata nilijirekebisha kama mtaalamu yeyote. Nilipeleka chupa mezani ikiwa imefungwa, nikamwonyesha Afande, nikaifungua pale pale. Akatikisa kichwa kukubali. Nikamimina vizuri kuliko nilivyomimina kwenye mtihani, nikasimamisha mkono mashapo yalipokaribia shingo ya chupa, na nikaanza kuondoka nayo.

"Weka chini hiyo chupa," akasema.

"Afande, nimeshamaliza."

"Haijaisha. Naona kitu ndani. Hicho kilichobaki ni cha nani?"

"Hiyo si bia, Afande. Ni mashapo. Huwa hayanywewi."

"Kilichomo kwenye chupa yangu ya bia ni bia, na ni changu. Au kaunta mnakusanya mabaki ya wastaafu mkanywe?"

"Mwache anywe, Diploma," akadakia mwenzake mmoja. "Kwa bia hii Afande bado mwanafunzi."

Kabla sijasema neno, Afande alichukua chupa, akaitikisa kama anayechanganya dawa ya kikohozi, akaimalizia yote kwenye glasi. Bia yangu, iliyokuwa ina wekundu kwenye mwanga, ikageuka maji ya mto Msimbazi siku ya mvua. Akaonja. Akakunja uso.

"Kwanza ya baridi, na mie sinywi baridi, nina meno. Pili ina chembe. Imeoza hii."

Neno lile "imeoza" lilitembea kuliko mhudumu yeyote tuliyewahi kumwajiri. Kabla jua halijazama, watu ambao hawajawahi hata kuiona ile chupa walikuwa wanasema Diploma kaleta bia mbovu kutoka Ulaya. Muddy akarudi na futi, safari hii akiwa na penseli, akaweka alama kwenye kioo mahali patakapokaa kachumbari. Mama Happy aliniita kando. Hakupaza sauti, na hilo lilinitisha zaidi. "Nakupa Jumamosi ijayo, Diploma. Moja tu."

Nilikwenda Mtoni kumlalamikia mama. Nilimweleza yote: kwamba nikiitoa bia ile kwenye friji inakufa ganzi, harufu zote zinalala, kwamba nikiiacha kwenye joto letu inatoka ikirusha povu kama sabuni na inaunguza koo, kwamba ule ubaridi wa stoo ya Mzee Joris haupatikani Dar es Salaam hata kwa maombi. Mama alinisikiliza huku anachambua mchele. Akanipa maji ya kunywa.

Maji yale yalitoka kwenye mtungi wake, ule uliokaa miaka yote pembeni ya jiko juu ya mchanga mbichi. Nikanywa. Hayakuwa ya baridi. Hayakuwa ya moto. Nikashusha kikombe nikautazama ule mtungi kwa macho ya mtu mwenye diploma.

"Mama, naomba huu mtungi."

"Unakwenda nao wapi?"

"Kazini."

"Mtungi wa mama yangu uende baa?"

Tulijadiliana hadi mchele ukaiva. Mwishowe alikubali, ila majirani wakiuliza waambiwe unakwenda hotelini. Niliufunga kwa khanga zake mbili, nikaupakata kwenye bajaji hadi Sinza, na nilipoingia nao Da Tausi akaweka mikono kiunoni.

"Sasa umeamua kuwa mganga?"

"Subiri, Da Tausi."

"Nasubiri. Nikianza kuota mapembe nitajua ni wewe."

Niliuweka mtungi nyuma ya kaunta juu ya beseni la mchanga uliolowa, nikatia maji na vipande vichache vya barafu asubuhi, na ndani nikasimamisha chupa zangu. Kusimamisha, sikilizeni, siyo kulaza. Chupa ya bia hii ikilala, mashapo yanatembea. Hadi mchana zilikuwa zimefika pale nilipopataka. Dunia nzima wanatumia mashine kwa kazi hiyo. Mie nilitumia udongo wa bibi yangu.

Jumamosi yenyewe ilifika na jua lake. Wastaafu wakakaa. Muddy naye alikuwepo, amesimama kando ya kabati na futi mfukoni kama mtu anayesubiri mirathi. Nilibeba chupa moja kutoka kwenye mtungi nikitembea kama nimebeba mtoto aliyelala. Kwenye sinia niliweka pia glasi ya mguu, jagi la maji baridi na glasi ndogo ya toti, ile tunayopimia pombe kali.

"Shikamoo, Afande. Nimekuja kwenye ukaguzi."

Afande aliegemea nyuma. "Endelea."

Nikampa chupa ikiwa imefungwa. "Ishike. Si ya baridi, si ya moto. Iinue kwenye mwanga. Unaona kilichotulia chini? Hiyo ni hamira, inatoka kiwandani hivyo. Nakuonyesha kabla sijafungua, ili usije ukasema nimeitia."

Akaangalia muda mrefu. Akawapitishia wenzake, kila mmoja akaangalia, wa mwisho akainusa ikiwa imefungwa. Nikaifungua mbele yao, kizibo nikamwekea Afande kiganjani. Nikasuuza glasi mbele yao. Nikamimina. Povu likapanda.

"Povu," akasema kwa sauti ya onyo.

"Subiri litulie, Afande."

"Mie nisubiri povu?"

"Umesubiri watu wamalize vifungo vyao, Afande. Povu utalishinda."

Mmoja wa wastaafu alicheka hadi akashika meza. Afande hakucheka, lakini alisubiri. Povu likatulia, bia ikasimama pale inapotakiwa. Ndani ya chupa kikabaki kidole kile kile. Nikaona jicho lake limekiendea. Basi nikaichukua glasi ya toti, nikayamiminia mashapo yote humo, nikaiweka kando ya glasi kubwa kama mtoto kando ya mama yake. Kisha nikaigeuza chupa juu chini mbele ya meza nzima. Halikudondoka tone.

"Kila kilichokuwa ndani kipo mbele yako," nikasema. "Kagua."

Hilo, wenzangu, halikuwa kwenye mtihani. Hilo nililitunga mwenyewe, Sinza, kwa ajili ya mtu mmoja.

Afande aliiacha glasi kubwa. Akachukua ile ndogo. Nilitaka kumzuia, maana mashapo matupu si mahali pa kuanzia, lakini Da Tausi alinifinya mgongoni nikanyamaza. Akaonja. Hakukunja uso. Akaonja tena, akaimaliza, akakaa nayo mkononi.

"Komoni," akasema.

"Afande?"

"Bibi yangu Songea alikuwa anapika komoni. Wakubwa wananywa ya juu. Sie watoto tulikuwa tunavizia ile nzito ya chini ya chungu. Ilikuwa hivi hivi." Akaitazama glasi ya toti kana kwamba imemtaja jina lake la utotoni. "Tangu bibi afariki sijaionja."

Kisha akainua glasi kubwa, akanusa, akanywa, akaishikilia mdomoni kidogo, akameza.

"Na huyu mama yake ni mtu mzima," akasema. "Diploma! Wape wote kama mie. Zikiisha, kama tulivyo."

Mhudumu wa Dar anayeisikia "kama tulivyo", yaani kila mtu aongezewe kile anachokunywa, kutoka kwenye meza iliyojaa hahitaji muziki. Meza ya jirani ikaita. Ya tatu ikaita. Muddy alisimama kidogo pale kando ya kabati, kisha akatoa leso akafuta alama yake ya penseli.

Ningependa kusema hadithi iliishia hapo kwa heshima. Lakini niliwaonya wale wazee kwamba bia hii inanywewa taratibu, na wao wakainywa kama ile waliyoizoea. Kwenye chupa ya tatu, jua likiwa bado kali, Afande Komba alinyanyuka, akanyoosha shati, akaenda kusimama kwenye geti la baa. Hakuna aliyetoka bila kukaguliwa. Kijana mmoja aliyebeba kuku kwenye mfuko aliamriwa amtoe kuku aonekane pande zote mbili. Wenzake wawili wakajipanga nyuma yake kama doria. Mama Happy, aliyekuwa anawahi mazoezi ya kwaya, akasimamishwa na mkoba wake.

"Humo mna nini?"

"Vitabu vya nyimbo, Afande."

"Imba tuhakikishe."

Na Mama Happy akaimba. Ubeti mzima na kiitikio, kwenye geti la baa yake mwenyewe, mchana kweupe, na wateja wakampigia makofi. Afande akampigia saluti akamruhusu kupita. Kesho yake asubuhi ilitoka sheria mpya ambayo hadi leo ipo: bia nyeusi, chupa mbili kwa mtu, na asiyeafiki aende kwa jirani akanywe muziki.

Kabati lilibaki langu. Muddy alijenga lake la chipsi upande wa pili na akawa mteja mzuri. Kwa kuwa kwenye nembo ya chupa kulikuwa na mtawa mnene mwenye upara, watu waliibatiza bia ile Padri. "Padri mmoja wa mtungi, na mtoto wake," ndivyo walivyoagiza. Mama Happy, mwanakwaya, hakuwahi kuzoea kusikia mtu akijisifu kwamba ameshusha Padri wawili kabla ya chakula.

Kesi ngumu zilikuwa nyingi. Yupo aliyetaka kuichanganya na soda ya chungwa. Nilimhudumia soda peke yake na nikamshauri akae nayo. Walikuwepo wachumba waliogombania mtoto wa glasi hadi nikalazimika kumgawa kwa kijiko. Yupo Mbelgiji aliyepita siku moja, akapiga picha mtungi wa mama, akaniuliza niliusomea wapi. Nikamjibu Mtoni. Akaandika.

Kwa nyinyi mnaobaki, shikeni haya. Glasi za Padri zina beseni lake, na sabuni yake kidogo, na maji mengi ya kusuuza. Mafuta ya nyama yakigusa glasi, povu linakufa kabla hujafika mezani, na mteja atadhani ni kosa la Ubelgiji. Mkionja, nuseni kwanza mdomo ukiwa umefungwa. Mkisikia tende, semeni tende. Msiseme zabibu kwa sababu mtu mwingine ameandika zabibu.

Siku yangu ya mwisho ilikuwa Jumamosi, niliichagua mwenyewe. Da Tausi alikuja kutoka kwake, amestaafu muda mrefu lakini opena bado iko shingoni. Afande Komba alifika na fimbo, amesindikizwa na mjukuu. Wenzake wa meza ile wamepungua. Daktari wake amemkataza bia kabisa, na kwa muda mrefu amekuwa akija kunywa maji na kukagua wenzake.

"Kaa," akaniambia, akinionyesha kiti chake chini ya feni.

"Afande, niko kazini."

"Kaa, kijana."

Nilikuwa sijawahi kukaa kwenye kiti kile. Afande aliazima opena ya Da Tausi, akaagiza Padri mmoja wa mtungi, akanionyesha chupa ikiwa imefungwa, akaifungua mbele ya macho yangu, akaniwekea kizibo kiganjani. Mkono wake ulikuwa unatetemeka. Alimimina haraka mno, kutoka juu mno, glasi ikiwa imesimama wima. Povu likapanda likafurika hadi mezani. Nilikaa na diploma yangu yote mdomoni nikaimeza. Hakuna nilichowahi kufanya Ubelgiji kilichonigharimu nguvu kama kukaa kimya dakika ile.

Akasimamisha mkono penye kidole kimoja. Akavuta glasi ya toti, akayamimina mashapo humo bila kumwaga hata tone, hapo mkono wake ukiwa imara kabisa. Nikasogeza kiganja nipokee.

Afande akaiinua ile glasi ndogo akaipeleka mdomoni kwake.

"Afande! Daktari kakukataza bia."

"Hii si bia," akasema. "Ni mashapo. Si ulisema mwenyewe?"

"Weka chini hiyo glasi. Kilichomo kwenye chupa yangu ni changu."

Akaimaliza yote, akafumba macho kidogo, yuko Songea na bibi yake. Kisha akaichukua chupa akaigeuza juu chini mbele yangu na mbele ya baa nzima. Halikudondoka tone.

"Kagua," akasema.

Nikakagua. Mbele yangu kulikuwa na glasi iliyojaa povu tupu hadi ukingoni. Nikanyoosha mkono kuichukua, akaniwekea fimbo yake juu ya kifundo cha mkono, polepole.

"Subiri litulie, Diploma."

Nikasubiri.